Msomaji Pekee katika Nchi ya Usemi

Mambo haya yalimpata Stamili binti Chande, mwanamke aliyekuwa msahihishaji wa gazeti kwa miaka thelathini na mmoja. Kazi yake ilikuwa kusoma ya wengine, kutia mkato palipokosa mkato na kuondoa herufi palipozidi herufi. Gazeti lilipofungwa, alifunga virago akaenda kutembea. Namna alivyofika nchi ya Usemi si habari ndefu: alikuwa anaelekea kwingine, akapotea, na alipouliza njia akaambiwa, "Njia ya wapi tena, mama? Umeshafika."

Kitu cha kwanza alichokiona ni kuta. Kila nyumba ya Usemi ina ukuta mmoja mbele yake, umesimama peke yake hatua tano kutoka barazani, umepakwa chokaa, haukingi upepo wala mwizi. Kazi yake ni kuandikwa. Sheria ya nchi hiyo yasema kwamba kila mtu mzima, awe waziri awe muuza mkaa, ana haki ya kutoa maoni yake. Na ili haki hiyo isipotee kwa uvivu, imefanywa kuwa lazima. Kabla jua halijafika utosini, kila mmoja awe ameandika. Wino ni wa buluu, na hutolewa bure na Idara ya Kuta. Kila Ijumaa watu wa Idara hupita na ndoo za chokaa, wakafuta yote, ili wananchi waanze upya.

Stamili alifikia Mtaa wa Tatu, kwa mjane wa makamo aitwaye Bi Sikudhani, aliyekuwa akikaanga vitumbua na kupangisha chumba cha uani. Bi Sikudhani alikuwa mkarimu, mcheshi, mwepesi wa kumimina chai. Tabia moja tu ilimshangaza mgeni wake: kila alipocheka, na hata aliposema neno refu, aliziba mdomo kwa ncha ya kanga. Stamili alidhani pengine ana pengo analolionea haya, akaacha kuuliza.

Asubuhi ya kwanza aliwasikia majirani wakisalimiana.

"Umeandika?"

"Nimeandika. Na wewe?"

"Nimeandika. Pita basi kwangu."

"Nitapita."

Kupita, kwa watu wa Usemi, maana yake ni kupiga muhuri. Kila mtu mzima hutembea na muhuri mfukoni, umechongwa maneno NIMEPITA. KWELI KABISA. Ni wajibu wake kuugonga kwenye kuta thelathini kila siku kabla ya alasiri, na wakaguzi huhesabu. Mwenye kuta thelathini za kugonga hana nafasi ya kusimama akasoma. Akisimama, aliye nyuma yake humsukuma.

Stamili naye alitaka kuwa raia mwema kwa siku alizokuwa pale. Akaenda Idara ya Kuta kuomba ruhusa ya kuandika. Karani alimtazama juu hadi chini.

"Una ukuta?"

"Sina. Mimi mgeni."

"Basi huna maoni."

"Ninayo, mwanangu. Mawili matatu."

"Kaa nayo huko huko, mama. Anayefuata!"

Ikawa hivyo. Nchi nzima iliposhika brashi asubuhi, Stamili alikuwa mtu pekee asiye na la kufanya. Na mtu aliyesoma kwa miaka thelathini na mmoja, ukimwachia mtaa uliojaa maandishi, atafanya nini? Alisoma.

Alisoma pole pole, nyumba moja baada ya nyingine, mikono nyuma. Mshona viatu mmoja alikuwa na siku ya kumi na moja akieleza kwa nini paka nao wahesabiwe katika sensa. Mwalimu mmoja aliandika kwamba jirani yake wa kulia ni mjinga asiye na mfano, na jirani huyo wa kulia alikuwa amepiga muhuri chini yake: KWELI KABISA. Ukuta uliosifiwa kuliko wote mtaani ulikuwa na mihuri mia mbili na kumi, wala haukuwa na neno hata moja. Mwenyewe alihama tangu masika, na watu walikuwa wakimheshimu kwa kutopoteza maneno. Kwingine palikuwa na mistari miwili tu, imeandikwa kwa mkono usiotulia: "Mama yangu amefariki jana. Sijui nitaanzia wapi." Chini yake mihuri arobaini. Kweli kabisa, kweli kabisa, kweli kabisa. Stamili alisimama hapo kitambo, kisha akagonga mlango, akaingia, akampa pole mwenye nyumba. Kijana wa watu alilia kama aliyefunguliwa kamba. Alisema hakuna aliyekuja.

Siku ya nne ndipo alipoanza kuona jambo.

Kwenye ukuta wa fundi cherehani, Bwana Mchano, mkabala na nyumba ya Bi Sikudhani, paliandikwa: "Ulimi wangu umekuwa wa buluu. Naona haya kwenda kwa wakwe." Nyumba ya tatu kutoka hapo: "Nina ugonjwa ambao sitausema, ila ni wa buluu." Mbele kidogo: "Mke wangu amenisusa. Anasema nimelamba nini na nimelambia wapi." Stamili alianza kuhesabu kwa vidole, vidole vikamwishia. Nyumba kumi na saba za Mtaa wa Tatu zilikuwa na ugonjwa mmoja, na kila mgonjwa aliamini ameupata peke yake duniani.

Akarudi mbio mbio hadi kwa mwenyeji wake. Ukuta wa Bi Sikudhani alikuwa hajausoma bado. Aliona si adabu kuchungulia mambo ya mtu anayempa chai. Sasa aliusoma. "Ni mwezi wa nane. Nimekunywa mwarobaini, nimesukutua kwa chumvi, nimesugua kwa ndimu, na bado. Mungu wangu, kwa nini mimi tu?"

Bi Sikudhani alikuwa jikoni, amekaa kwenye mbuzi, anakuna nazi.

"Dada Sikudhani," Stamili alisema, "hebu nione ulimi."

Mkono wa Bi Sikudhani ulisimama. Kanga ikapanda mdomoni. "Nani kakwambia?"

"Wewe mwenyewe. Umeandika."

"Umesoma?"

"Nimesoma."

Bi Sikudhani alimkodolea macho kama mtu aliyeambiwa kuwa picha ya ukutani imeomba maji. Miaka ishirini na miwili alikuwa ameandika kila siku ya Mungu. Alikuwa ameandika ndoa yake na ujane wake, bei ya mchele na maumivu ya nyonga.

"Kwani," aliuliza kwa sauti ndogo, "yanasomwa?"

Stamili alimshika mkono, nazi ikaachwa hapo, wakavuka barabara hadi kwa Bwana Mchano. Hao wawili walikuwa wamegongeana mihuri kila siku kwa miaka sita na hawakuwahi kuketi pamoja. Stamili akamwomba fundi afanye jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwomba: asimame mbele ya ukuta wa jirani yake, asome mwanzo hadi mwisho. Bwana Mchano alisoma kwa kuchezesha midomo, neno kwa neno. Alipofika kwenye "kwa nini mimi tu" akamgeukia Bi Sikudhani, akatazama kushoto na kulia kuona kama kuna watu, kisha akatoa ulimi. Ulikuwa wa buluu kama sare ya shule.

Bi Sikudhani akatoa wake.

Wakacheka. Walicheka midomo wazi, wakashikana mabega, fundi akakaa chini barabarani kwa kicheko. Watu wakatoka kuuliza kuna nini, wakasomeshwa, wakatoa ndimi, wakaenda kuwaita wengine. Stamili naye akaomba kioo. Siku nne za chai ya Bi Sikudhani zilikuwa zimekwisha kumwachia dalili: ncha ya ulimi wake ilikuwa kama ya mtoto aliyemung'unya kalamu. Mpaka mchana hakuna aliyekumbuka muhuri. Mtaa mzima ulikuwa unatembea pole pole, mikono nyuma, ukisoma. Mkaguzi alipofika alasiri alikuta wino wa mihuri umekauka, na watu kadhaa wakigombana kwa furaha juu ya paka na sensa.

Kesho yake Stamili aliitwa kwa Katibu wa Idara ya Kuta.

Katibu huyo, Bwana Shaweji, alikuwa mtu mwembamba, mpole, nguo zimenyooshwa zikanyooka. Aliongea akiwa ameweka leso nyeupe mdomoni kama mwenye mafua. Alimkaribisha kiti, akamwuliza habari za safari, akamwuliza kama amepapenda.

"Nimepapenda," Stamili alisema. "Ila maji yenu yana kasoro."

"Hilo si la idara yangu. La idara yangu ni macho yako, mama." Bwana Shaweji alivuta pumzi. "Nchi nyingine hufunga watu kwa sababu ya maneno yao. Sisi hapa hatujawahi kufunga hata mmoja. Tumewapa watu ukuta, tumewapa wino, tumewapa muhuri. Waziri wetu mmoja ameitwa punda kwenye kuta elfu nne, na analala usingizi mnono."

"Hachukii?"

"Achukie nini, na hajasoma? Wala hao elfu nne hawajui kwamba wako elfu nne. Kila mmoja anadhani ametukana peke yake, roho inatua, anakwenda zake kazini. Umewahi kuona amani kama hii?"

"Na ndimi, je?"

Bwana Shaweji alikohoa ndani ya leso. "Umeshtakiwa kwa kosa la kusoma bila kibali," alisema kwa upole uleule. "Baraza linakaa leo. Chukua maji ya kunywa." Kisha akatazama bilauri, akaisogeza pembeni. "Au basi, acha."

Baraza la Kuta lilikutana katika ukumbi mkubwa, na Mtaa wa Tatu wote ulijaa kwenye viti vya nyuma. Mjumbe wa kwanza alisema kusoma ni wizi, kwani mtu ameweka maoni yake nje kwa nia njema, kisha anatokea mwingine anaondoka nayo kichwani. Mjumbe wa pili alipinga vikali. Wizi haupo, alisema, kwa kuwa maneno hubaki ukutani; kilichofanyika ni kurudufu mali ya mtu bila idhini yake, kosa kubwa zaidi. Mjumbe wa tatu alitaka kujua kama mtu mwenye chongo akisoma huhesabiwa amefanya nusu ya kosa. Hapo mjadala ulipamba moto, vifungu vikatajwa, na yule wa pili akamwambia wa tatu kuwa swali lake ni la dharau kwa watu wenye chongo. Wa tatu akajibu kuwa yeye ndiye ana chongo. Saa nzima ilipita hapo.

Mwishowe Mwenyekiti, mzee mnene wa sauti nzito, alisoma uamuzi. Mgeni atoke nchini kabla ya magharibi. Mtaa wa Tatu upakwe chokaa kila siku, saa moja tu baada ya watu kuandika. Na Bi Sikudhani, kwa kosa la kumhifadhi msomaji, abomolewe ukuta.

Ukumbi uliguna. Katika nchi ya Usemi asiye na ukuta hasalimiwi. Hakuna wa kumwuliza "umeandika?", na vitumbua vyake vitapoa kwenye sinia kwa kuwa hakuna atakayejua aanze vipi kuviulizia. Stamili alisimama kutaka kusema kosa ni lake peke yake, lakini Bi Sikudhani alikuwa amekwisha simama. Ushungi ulikuwa umemwanguka mabegani.

"Naomba kusema, Bwana Mwenyekiti."

"Andika kesho."

"Kesho sitakuwa na ukuta, baba. Ndiyo mmesema sasa hivi."

Mwenyekiti alipekua karatasi zake kutafuta kifungu cha kumjibu, hakukipata.

"Miaka ishirini na miwili nimeandika," Bi Sikudhani alisema. "Nimeandika kila kitu changu. Mume wangu alipokufa niliandika, mkanigongea kweli kabisa. Sikulalamika, nilidhani ndivyo watu wanavyosikia. Huyu dada amekaa kwangu siku nne, amesoma mara moja tu, na jana nimecheka na jirani yangu kwa mara ya kwanza. Bomoeni ukuta. Lakini kwanza mtazame hiki, maana nimechoka kukificha."

Akatoa ulimi.

Bwana Mchano naye akasimama, akatoa wake. Halafu mshona viatu, halafu mwalimu na jirani yake wa kulia, halafu kijana aliyefiwa na mama, mpaka viti vyote vya nyuma vikawa safu ya ndimi za buluu zimetoka nje mbele ya serikali. Askari wa mlangoni, ambaye hakutakiwa kuwa na upande wowote, alisita kidogo, akatoa ulimi na yeye.

Stamili aliwageukia wajumbe. "Na waheshimiwa, je?" aliuliza kwa sauti ya mtu anayeulizia mkato uliopotea.

Mwenyekiti alikaza midomo mpaka masharubu yakainama. Mjumbe wa kwanza aliinua faili usoni, wa pili akaanza kutafuta kitu chini ya meza. Aliyesimama ni Bwana Shaweji. Aliikunja leso yake mara nne, akaitia mfukoni, na aliposema watu wote waliona.

"Mwaka na nusu," alisema. "Nilidhani ni adhabu yangu binafsi. Niliandika kwenye ukuta wangu, nikaomba kama kuna anayejua dawa, anisaidie." Aligusa mfuko wenye leso. "Nilipata mihuri mia moja na arobaini."

Hakuna aliyecheka. Bi Sikudhani alimtazama yule mtu mwembamba kama alivyowatazama majirani zake jana, akamwambia, "Pole, baba."

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Stamili alisema kasoro iko kwenye maji. Watu wote, wajumbe wakiwa mbele kana kwamba wazo lilikuwa lao, walifuata bomba la maji kutoka Mtaa wa Tatu hadi lilikotokea. Lilipita nyuma ya Idara ya Kuta, chini kabisa ya tangi la wino, na tangi lilikuwa na ufa. Wino ulidondoka tone kwa tone juu ya kiungio kilicholegea. Akaitwa fundi bomba. Alikuja na mfuko wake wa vifaa, akatazama ufa, akatikisa kichwa kwa uchungu.

"Hili niliandika ukutani kwangu mwaka jana," alisema. "Nikachora na picha."

Alilitengeneza kabla ya alasiri.

Baraza lilikutana tena siku ileile, maana serikali haipendi ionekane imebadili nia bila kutunga sheria. Adhabu zote zikafutwa. Kusoma kukaruhusiwa, na ili haki hiyo mpya isipotee kwa uvivu, ikafanywa kuwa lazima. Kila mtu mzima asome kuta thelathini kwa siku. Mihuri ya zamani ikakusanywa, ikagawiwa mipya iliyochongwa vizuri zaidi: NIMESOMA. KWELI KABISA. Siku ya pili tu mitaa mingi ilikuwa inagonga kama kawaida, watu wakisukumana. Mtaa wa Tatu peke yake ulirudisha mihuri yake kwenye Idara, ukisema imepokewa kwa makosa. Bwana Shaweji aliipokea kwa mikono yake mwenyewe, akaandika risiti, na hakuuliza swali.

Asubuhi ya siku hiyo, Stamili alipokuwa anafunga mkoba wake kuondoka, alimkuta Bi Sikudhani amesimama mbele ya ukuta, brashi mkononi, hajaandika neno. Upande wa pili wa barabara Bwana Mchano alikuwa ameweka kiti nje, amekaa, anasubiri.

"Dada, siwezi," Bi Sikudhani alinong'ona. "Yule anangoja kusoma."

"Si ndiyo vizuri?"

"Vizuri gani? Jana ningeandika lolote lile."

Akaandika mstari mmoja. Akarudi nyuma hatua mbili, akautazama, akakunja uso. Kisha akachukua kitambaa chenye maji, akafuta neno moja, akaweka lingine. Katika miaka yake yote ya kuandika hakuwahi kufuta. Aliandika kwamba soko la Mtaa wa Tatu lihamishiwe karibu na bomba, kwani akina mama wanachoka kwenda na kurudi. Ilimchukua asubuhi nzima, na ilikuwa mistari minne.

Bwana Mchano akainuka, akavuka, akasoma midomo ikicheza. Akasoma tena. Akakuna kidevu.

"Sikubaliani nawe," alisema.

Bi Sikudhani aliacha brashi ianguke. Uso wake ukachangamka wote, macho, mashavu, mdomo wazi usiofunikwa.

"Wapi?" alisema. "Mstari gani? Nionyeshe!"

"Hapa. Bombani pana matope masika, bidhaa zitaharibika."

"Matope yanawekewa kokoto, Bwana Mchano!"

"Kokoto atatoa nani?"

"Ngoja nilete chai. Usiondoke hapo. Ngoja!"

Stamili aliaga mara mbili. Hakuna aliyemsikia. Walikuwa wamesimama bega kwa bega mbele ya ukuta, fundi ameweka kidole kwenye mstari wa pili na mjane ameweka chake kwenye wa tatu, wakibishana kwa sauti ya juu. Na yeye akaondoka taratibu ili asiwakatishe.